Kipimo Kimoja, Pande Mbili za Mpaka

Kila mama wa nyumba hapa Lubumbashi ajua jambo moja ambalo halikuandikwa katika kitabu cha shule: bei ya unga wa bukari haitegemei mvua peke yake. Mvua yaweza kunyesha vema na mahindi yakasitawi, na hata hivyo bei ikapanda katika siku tatu. Mara nyingi sababu yake haiko shambani. Iko Kasumbalesa, karibu kilometa 100 kutoka mjini kwetu, ambako lango limefungwa, au karatasi imekataliwa, au kanuni mpya imetangazwa upande mmoja pasipo upande wa pili kuarifiwa. Na si unga tu. Sabuni, mafuta ya kupikia, saruji, mabati, vipuri vya magari: vitu vingi vya viwandani tunavyovitumia hupita kwanza katika mpaka wetu na Zambia.

Watu wengi hudhani kwamba kurahisisha biashara maana yake ni kufuta ushuru. Ushuru ukiondoka, wasema, mali itapita kama maji. Lakini historia ya Katanga yatufundisha neno jingine. Ushuru waweza kuondoka na malori yakabaki yamesimama. Lango hufunguka kweli siku ile pande mbili zinapokubali kipimo kimoja, tena zinapoaminiana katika kupima. Tuufuate ukweli huo hatua kwa hatua tangu zamani, maana wengi wetu twaunung'unikia mpaka bila kujua ulivyofika hapo ulipo.

Misalaba ya shaba

Mababu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Shaba hiyo waliimimina katika umbo la msalaba, nayo ikasafiri mbali sana na machimbo. Wataalamu wa mambo ya kale wameikuta misalaba hiyo katika makaburi ya bonde la Upemba. Wameona pia kwamba ile ya zamani zaidi ilitofautiana kwa ukubwa, bali ile ya baadaye ilikuwa midogo na yenye kulingana, nayo ilitumika kama fedha.

Kwa nini ililinganishwa? Kwa sababu mnunuzi wa mbali hamjui mhunzi. Hakumwona akichochea moto, wala hajui kama ni mwaminifu au mdanganyifu. Lakini akiujua umbo la msalaba na uzito wake, aweza kuupokea pasipo kuuliza maswali mengi. Huo ndio mzizi wa habari yetu yote: kipimo kimoja huwawezesha watu wasiojuana kununua na kuuza kwa amani.

Uhuru usio na mlinzi

Tarehe 26 Februari 1885, mataifa ya Ulaya yalitia sahihi Mkataba wa Berlin. Katika mkataba huo walichora eneo kubwa waliloliita bonde la Kongo la mapatano. Halikuwa Kongo peke yake: lilienea mpaka Bahari ya Hindi, likazikusanya nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na sehemu ya Zambia. Ndani ya eneo hilo biashara ingekuwa huru kwa mataifa yote, na mali iliyoingia isingetozwa ushuru wa kuingiza. Miaka 5 baadaye, mwaka 1890, mapatano mengine yaliyofanywa Brussels yaliruhusu ushuru usiozidi 10 kwa mia.

Kwa karatasi, basi, Kongo ilikuwa nchi yenye biashara huru kuliko nyingi duniani. Kwa matendo ilikuwa kinyume kabisa. Serikali ya mfalme Leopold II haikuhitaji ushuru ili kuzuia biashara: ilitangaza kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni mali ya Serikali, pamoja na mpira na pembe zilizopatikana humo. Mfanya biashara aliruhusiwa kuingia, lakini hakukuta kitu cha kununua. Mwananchi aliruhusiwa kuuza, lakini alichokuwa nacho kilikwisha kuitwa mali ya mwingine. Na wenye mkataba hawakuweka chombo chenye nguvu cha kuhakikisha kwamba maneno ya Berlin yanatimizwa.

Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, mkataba ule ulibadilishwa. Kila Serikali iliachiwa kupanga ushuru wake, mradi isiwabague wafanya biashara wa mataifa yaliyotia sahihi. Lakini somo la miaka ile limebaki: mapatano yasiyo na mlinzi ni kama nyumba isiyo na mlango. Kila mwenye nguvu huingia na kutwaa apendacho.

Reli iliyokubali kipimo kimoja

Tazameni sasa mfano mwema zaidi, ulio mbele ya macho yetu katika kituo cha gari moshi cha hapa Lubumbashi. Reli ya kutoka Cape Town ilifika Bulawayo mwaka 1897, ikavuka maporomoko ya Victoria mwaka 1905, ikafika Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, mwaka 1906, na Sakania mwishoni mwa mwaka 1909. Mwaka 1910 gari moshi la kwanza likaingia Elisabethville, mji wetu uliokuwa ukizaliwa.

Reli hiyo ilipita katika makoloni ya Waingereza ikaingia katika koloni la Wabelgiji. Sheria zilikuwa mbali mbali, lugha mbali mbali, fedha mbali mbali. Lakini nafasi kati ya chuma na chuma ilikuwa ile ile: milimita 1,067. Kwa sababu hiyo behewa liliweza kutoka bandari ya kusini na kufika hapa bila mizigo kupakuliwa njiani. Mitambo ya kuyeyusha shaba, makaa ya mawe ya Wankie, mashine na vyuma, vyote vilipita. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilikuwa tayari likitoa shaba. Reli ya Benguela, iliyofika mpaka wa Kongo kutoka bandari ya Lobito, ilijengwa kwa kipimo hicho hicho.

Mpate kuona hasara ya kutolingana, itazameni reli ya mashariki. Reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyojengwa na Wajerumani, ilikuwa na upana wa milimita 1,000. Reli ya Kabalo hadi Albertville, yaani Kalemie ya leo, nayo ilijengwa kwa upana huo wa milimita 1,000. Tofauti na reli yetu ni milimita 67, chini ya upana wa kiganja cha mkono! Lakini kwa ajili ya upana huo mdogo behewa moja halikuweza kutembea katika reli zote mbili. Katika miaka ya 1950, ili kuiunganisha Albertville na Katanga ya kusini, ilibidi reli ile ipanuliwe ilingane na yetu. Tofauti ndogo ya kipimo, ikiachwa, hugeuka kuwa gharama kubwa ya kila siku.

Kigoma kwa franka moja

Mapatano mengine ya zamani yastahili kukumbukwa. Tarehe 15 Machi 1921, Uingereza na Ubelgiji zilipatana kwamba mizigo ya Kongo ipite Tanganyika bila kutozwa ushuru wa njiani. Wabelgiji walipewa viwanja katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Mzigo uliotoka baharini kwenda Kongo ulipita katika nchi ya kati ukiwa chini ya mapatano, bila kufanywa kana kwamba umeingia kuuzwa pale.

Tusisahau kwamba mapatano haya yalikuwa ya watawala kwa faida ya watawala. Wenyeji wa Kigoma na wa Katanga hawakuulizwa. Lakini jambo lenyewe la kufundisha lipo: nchi mbili zilikubaliana tangu mwanzo ni nani atakagua nini, na wapi. Hilo ndilo ambalo mipaka yetu ya leo yalitafuta.

Malango yalipofungwa

Baada ya uhuru, nchi zetu zilipata bendera zao na malango yao. Kisha ukaja wakati wa taabu. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na njia ya kusini ikaanza kuwa ya mashaka. Mwaka 1973 mpaka wa Rhodesia na Zambia ukafungwa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela. Zambia na Katanga, nchi za shaba zisizo na bahari karibu, ziliona jinsi mali iwezavyo kulala mahali ilipo kwa kukosa mlango wa jirani.

Ndipo Tanzania na Zambia zilipoijenga TAZARA kwa msaada wa China, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilimalizika mwaka 1975. Upana wake? Milimita 1,067, ili iungane na reli za Zambia na zetu. Wajenzi walijua kwamba njia mpya isiyolingana na ya jirani ni nusu ya njia.

Soko la pamoja

Katika miaka hiyo viongozi wa Afrika walianza kutafuta mapatano mapana. Mwaka 1981 ulitiwa sahihi Lusaka mkataba wa eneo la upendeleo wa biashara, na kutokana nao likazaliwa Soko la Pamoja la Afrika ya Mashariki na ya Kusini, COMESA, ambalo mkataba wake ulitiwa sahihi Kampala mwaka 1993. Tarehe 31 Oktoba 2000 nchi 9, Zambia ikiwa miongoni mwao, ziliondoleana ushuru wa forodha, ambayo sisi twaiita dwane. Kongo ilikuwa mwanachama, lakini haikuingia siku hiyo. Ilianza kuingia katikati ya miaka ya 2010, kwa ahadi ya kupunguza ushuru hatua kwa hatua.

Je, kitu gani huhesabiwa kuwa kimetengenezwa katika eneo hili? Isingefaa mtu alete shati kutoka mbali, abandike karatasi mpya, kisha adai limeshonwa Ndola. Kwa hiyo COMESA iliweka kanuni za asili ya mali. Mathalani, kitu chaweza kukubaliwa ikiwa kazi ya kiwandani imeongeza thamani yake angalau 35 kwa mia. Hati ya asili hutolewa upande wa mtengenezaji, na upande wa mnunuzi hapana budi kuiamini, au kuiuliza kwa utaratibu uliowekwa.

Kwa wafanya biashara wadogo, wale wavukao na mzigo wa baiskeli au wa kichwani, uliwekwa utaratibu mwepesi, ulioanza kutumika mwaka 2010 katika mipaka ya Zambia na Malawi, na ya Zambia na Zimbabwe. Nchi mbili huandika orodha moja ya vitu. Mwenye vitu vilivyomo katika orodha, visivyozidi thamani iliyowekwa, hujaza karatasi fupi na kusamehewa ushuru wa forodha, ijapokuwa kodi nyingine zaweza kubaki. Nao madereva wamepata Kadi ya Njano ya COMESA, bima moja ya gari itambulikanayo katika nchi nyingi, ili asinunue bima mpya kila mpaka.

Tena, tarehe 5 Desemba 2009, Zambia na Zimbabwe zilifungua huko Chirundu kituo kimoja cha mpaka. Maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na lori husimama mara moja badala ya mara mbili. Maji ya Zambezi hayakubadilika, wala daraja. Kilichobadilika ni kwamba nchi mbili zilikubali kukagua pamoja.

Mfuko wa saruji watueleza

Pengine msomaji atauliza: ikiwa ushuru umepungua, ni nini tena kinachozuia? Tuchukue mfuko wa saruji uliotengenezwa Ndola. Juu ya mifuko ya saruji mara nyingi huandikwa namba kama 32.5 au 42.5. Namba hiyo yaonyesha nguvu ya saruji ikisha kukauka. Ili kuijua, mpimaji hutengeneza vipande vidogo, huvihifadhi, kisha huvibana kwa mashine mpaka vivunjike. Na kipimo hicho cha mwisho hufanywa baada ya siku 28.

Sasa fikirini. Mpimaji wa Zambia amekwisha kungoja siku zake 28 na kuandika cheti. Mzigo wafika Kasumbalesa. Kama upande wa Kongo haukikubali cheti hicho, itapasa kungoja siku 28 nyingine huku saruji ikivuta unyevu na kuharibika, au ukaguzi utakuwa wa jina tu: fedha zitalipwa, muhuri utagongwa, na hakuna aliyejua nguvu ya saruji. Njia ya kwanza yamwumiza mfanya biashara. Njia ya pili yamwumiza mwenye nyumba, siku ukuta utakapopasuka.

Kuna njia ya tatu: nchi mbili zitumie kipimo kimoja, kila mmoja akague chombo cha kupimia cha mwenzake, kisha waamini vyeti. Nchi za Afrika ya Mashariki ziliweka sheria ya namna hiyo mwaka 2006, ili bidhaa iliyopata alama ya ubora katika nchi moja ikubaliwe katika nyingine. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Nao Mkataba wa Biashara Huria ya Afrika nzima, uliotiwa sahihi Kigali tarehe 21 Machi 2018, una sehemu nzima inayohusu viwango na upimaji.

Hatusemi kwamba ukaguzi ni adui. Dawa za bandia huua, na mafuta mabaya hudhuru. Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, OCC, iliyoundwa mwaka 1974, ina kazi ya lazima. Lakini ukaguzi mmoja ulio wa kweli ni bora kuliko mitano ya kukusanya fedha. Serikali yenyewe ililitambua jambo hili: kwa amri ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu idara nne tu kufanya kazi mipakani, yaani forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Wavukao mpaka wajua kwamba mara nyingi wameonana na zaidi ya wanne.

Siku tatu za Agosti 2024

Mwaka 2024 tulipata somo chungu. Serikali ya Kongo ilizuia bia na vinywaji baridi kutoka nje visiingie katika sehemu yetu ya kusini, ili kuvilinda viwanda vya nchini. Malalamiko yakazuka mpakani. Tarehe 10 Agosti Zambia ikafunga malango ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Malori yakasimama, pamoja na yale ya shaba, ambayo hayakuwa na neno lo lote na bia. Mawaziri wa nchi mbili wakazungumza, na tarehe 13 Agosti malango yakafunguliwa.

Nani alikuwa na haki? Tusiwe wepesi kuhukumu. Hapa kwetu bia ya Simba imetengenezwa tangu miaka ya 1920, na kiwanda cha Lubumbashi hulisha jamaa nyingi. Baba apotezaye kazi kwa sababu mali ya nje imejaa sokoni ana haki ya kusikilizwa. Lakini mwanamke aliyenunua katoni za vinywaji kwa akiba yake yote, akakuta kwamba biashara iliyokuwa halali jana ni kosa leo, naye ana haki. Na jamaa zinazokula unga uliosagwa ng'ambo hazikuwamo katika ugomvi, bali zilikuwamo katika hatari. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Mapatano ya pamoja hayazuii nchi kulinda viwanda vyake. Mikataba kama ya COMESA huruhusu kinga ya muda, lakini kwa kumwarifu jirani, kuonyesha sababu, na kutaja mwisho wake. Tofauti kati ya kinga na ugomvi ni taarifa. Nchi ikiamua peke yake usiku, jirani hujibu peke yake asubuhi. Tena kanuni ya ghafula haizuii mali kila mara: huielekeza porini, kwenye njia za magendo, ambako hakuna apimaye bia wala asomaye tarehe ya mwisho ya kuitumia.

Yatupasayo

Basi, ndugu wasomaji, tufanye nini sisi tusio mawaziri? Kwanza, wafanya biashara wadogo wajiunge na vyama vyao, waiulizie orodha ya vitu vinavyosamehewa ushuru, na watunze karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari, na haki isiyojulikana huliwa na mwingine. Pili, wenye viwanda vya Katanga wasitegemee lango lililofungwa kuwa ulinzi wao wa kudumu. Watengeneze bidhaa inayofikia kipimo cha Zambia na cha Tanzania, nao watapata wanunuzi wengi kuliko waliomo katika mji mmoja.

Tatu, kila mara kanuni mpya ya mpakani inapotangazwa, tujizoeze kuuliza maswali matatu. Je, jirani aliarifiwa? Je, imetajwa siku ya kuanza na siku ya kwisha? Je, yupo mlinzi ambaye mdogo aweza kumpelekea malalamiko yake? Mkataba wa Berlin haukuwa na jibu la swali la tatu, na watu wa Kongo walilipa kwa damu. Waliojenga reli ya mwaka 1910 walikubaliana kwanza juu ya upana wa njia, ndipo magari yakapita. Nasi tuwadai viongozi wetu utaratibu huo huo: kwanza wakae na jirani na kukubali kipimo, kisha watangaze kanuni.